Ubeti wa Mwisho wa Mtukufu

Mashine ya kusaga ikiunguruma hodi haisikiki, kwa hiyo tusimlaumu mgeni kwa kuingia bila kukaribishwa. Aliingia Jumatatu saa nne asubuhi, amevaa suti nyeusi na tai yenye rangi za bendera, na kichwani alikuwa na unga. Haukuwa unga wa kumwagikiwa. Ulikuwa umechekechwa, ukasambazwa vizuri kutoka utosini mpaka juu ya masikio, na mwenye kichwa alitembea shingo wima kama aliyejitwika mtungi.

Mwanamisi alizima mashine. Katika miaka ishirini na sita ya kuwasagia watu wa mtaa wa Ghalani, alikuwa ameona wengi wakitoka mle ndani wamejaa unga. Hakuwahi kumwona mtu anayeingia nao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umesagisha wapi kabla ya kuja kwangu?"

Mgeni hakucheka. "Naitwa Desideri. Afisa Utambulisho, Daraja la Tatu. Ndiyo maana unaona nimepakwa dona." Aligusa kichwa chake kwa aibu kidogo. "Sembe inaanzia Daraja la Pili."

"Na ngano?"

"Ngano ni mawaziri, mama. Sasa naomba unijibu bila papara. Wewe ni nani?"

"Mwanamisi."

"Hapana."

"Mwanamisi wa Ghalani. Waulize hao walio nje kwenye foleni."

"Nimewauliza. Wote wamesema hivyo hivyo, na wote nimewaandikia onyo." Desideri alitazama huku na huku, akavuta kigoda, akakaa. "Mama yangu, hapa nchini kuna Mwanamisi wa Ghalani mmoja tu, naye ni Mtukufu Rais. Amesema mwenyewe, redioni, mbele ya mabalozi. Wewe hukusikia?"

Mwanamisi alikuwa amesikia. Nchi nzima ilikuwa imesikia.

*

Msomaji ambaye hajawahi kufika katika nchi ile, na ambaye hana haja ya kufika, inafaa aelezwe jambo hili lilivyoanza.

Nchi ile ilipenda mashairi kuliko barabara, na ushahidi ulionekana kila mvua iliponyesha. Daraja halikufunguliwa bila shairi. Likibomoka, lilitungiwa jingine. Kulikuwa na Wizara ya Mashairi na Mambo Yanayofanana Nayo, yenye idara ya Vina, idara ya Mizani, na kitengo kidogo cha Maana ambacho kilikuwa hakijapata mkurugenzi.

Siku moja Wizara ikaleta Mtambo. Ulikuwa mtambo wa akili mnemba, ukilishwa mashairi ya zamani unatapika mapya. Mtu aliuambia, "Nipe shairi la mvua, beti saba, huzuni ya wastani," na kabla hajamaliza kukohoa shairi lilikuwa tayari. Malenga wa nchi ile waliupinga Mtambo kwa nguvu zao zote kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Waliandika shairi la kulaani, lenye beti arobaini, tamu kweli kweli. Alhamisi ikajulikana kwamba nalo lilitungwa na Mtambo, na tangu hapo upinzani ukapoa.

Mambo yakawa mepesi. Malenga aliyezoea kutunga shairi moja kwa mwezi alitoa thelathini kwa siku, akalalamika kwamba amechoka. Wawili kati yao walilumbana gazetini wiki sita, wakatukanana mpaka ukoo wa tatu, na nchi ikagawanyika pande mbili. Katikati ya vita hivyo walikutana barazani kwa muuza kahawa, wakaulizana hali za watoto, wakanunuliana kashata. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma alichomtukania mwenzake.

Lakini Mtambo, kama mtoto wa kulishwa, ulishiba kile ulichopewa. Na ulichopewa kwa wingi ni makabrasha ya redio ya taifa, ambako kila Alhamisi, kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanamke mmoja msaga unga alikuwa akituma shairi. Hakuna aliyetuma mengi kumshinda. Naye, kama walivyofundishwa watunzi wote tangu enzi za mababu, alilifunga kila shairi kwa kaditama, akijitaja jina na makao, ili sifa na lawama zijue pa kwenda.

Wataalamu wa Mtambo walikuwa vijana waliosomea mbali. Walipoliona jina lile mwishoni mwa mashairi zaidi ya elfu moja, walishauriana, wakakubaliana kwamba ni aina ya nukta. Wakaliacha.

Malenga wajanja walijua kulifuta kabla ya kupeleka gazetini. Lakini shairi la Sikukuu ya Utulivu lilikuwa limepigwa muhuri na idara zote, na neno lililopigwa muhuri halifutwi. Mtukufu alilisoma mwenyewe, kwa sauti ile nzito, mabalozi wakitikisa vichwa, akafika ubeti wa mwisho, akausoma nao:

*Kaditama natulia, kalamu naweka chini,*
*Jina nawaandikia, msilitie kapuni,*
*Unga ninawasagia, vumbi jeupe kichwani,*
*Ni mimi nimewambia, Mwanamisi wa Ghalani.*

Uwanja ulinyamaza kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha Waziri wa Mashairi akapiga makofi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kupiga makofi, yalidumu dakika kumi na nne.

Mtukufu hakosei. Hilo limo kwenye katiba, ukurasa wa kwanza, juu ya jina la mchapaji. Kwa hiyo kabla ya jua kuzama Baraza la Mawaziri lilikuwa limetangaza kwamba "Mwanamisi wa Ghalani" ni mojawapo ya majina matukufu ya Mkuu wa Nchi, lililokuwa limefichwa kwa unyenyekevu. Kesho yake Waziri Mkuu alikwenda kazini na unga kichwani. Keshokutwa yake idara ya itifaki ilitoa waraka wa madaraja ya unga. Wafagizi, ili nao wasijione wametengwa, waliruhusiwa pumba.

*

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?" Mwanamisi aliuliza.

Desideri alitoa karatasi kwenye mkoba. "Fomu Namba Saba, ya Kuacha Kuwa. Unaandika hapa kwamba wewe siye, na hujawahi kuwa. Chini unachagua jina jipya kwenye orodha. Yapo mazuri. Hili la tatu hata mimi ningelipenda."

"Na nisipoandika?"

"Ni kosa la kujifanya Mkuu wa Nchi." Alishusha sauti. "Watakata umeme, mama. Watafunga mashine kwa lakiri. Na wewe watakuchukua, sijui kwa muda gani, maana kosa lenyewe ni jipya na adhabu yake bado inatungwa. Inatungwa kwa Mtambo, kwa hiyo huenda ikawa na vina."

Mwanamisi alikung'uta kanga yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwa sababu mtu anayeshinda na mashine iungurumayo huzoea kuongea moyoni. Mashairi yake yote aliyatunga pale, mkono ukiwa kwenye gunia, mkanda wa mashine ukimpigia mizani. Hakuna mteja aliyeweza kumkatisha, kwani hakuna aliyesikika.

"Niachie hiyo karatasi," alisema.

"Hadi Jumamosi. Na Alhamisi unatakiwa Wizarani, upimwe."

"Nipimwe nini?"

"Kama una kipaji. Wizara haina ubaya na mtu, mama. Ukionekana unacho, utapewa mafunzo ya kuacha kukitumia."

*

Desideri alipotoka, kwenye foleni alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwa na nafaka. Alikuwa Bi Hadia, mjane wa Mzee Kombo msukuma mkokoteni, bado yumo edani, amejifunika mpaka usoni, amesindikizwa na dada yake. Mkononi alishika bahasha ya serikali.

"Mwanamisi, mwenzangu, nisomee hii tena. Nahisi wamekosea nyumba."

Ilikuwa rambirambi ya Wizara. Siku hizi kila mfiwa aliletewa shairi la bure, siku hiyo hiyo, wakati mwingine mgonjwa akiwa bado hajakata roho. Mwanamisi alilisoma. Lilikuwa na vina visivyo na doa. Lilimsifu Mzee Kombo kwa kuvuka mito yenye mamba, kushika ngao, na kuwatimua maadui wa taifa.

"Mume wangu huyu?" alisema Bi Hadia. "Kombo alikuwa haogi maji ya baridi! Mito gani hiyo aliyovuka?"

Dada yake akaguna. "Hata dimbwi pale sokoni alikuwa analizunguka."

Wakacheka wote watatu, kisha Bi Hadia akaacha kucheka kabla ya wenzake.

"Jumamosi ni arobaini yake," alisema. "Nataka umtungie wewe. Fupi tu. Lakini mwishoni useme jina lako, kama zamani. Sikiliza, dada yangu, mimi si msomi. Lile la serikali lina maneno mazuri kuliko nitakayoyapata maisha yangu yote. Ila nikifika mwisho natafuta nani amesema, simwoni mtu. Nataka nijue kwamba yupo mtu mmoja, mwenye jina na nyumba, aliyekaa chini akamuwaza Kombo. Basi. Nikishajua hilo nitalala."

Fomu Namba Saba ilikuwa juu ya debe, kati yao. Mwanamisi aliitazama, akamtazama mjane.

"Nitalisema," alijibu. "Nimekuahidi."

Ilikuwa ahadi ndogo, ya aina ambayo watu humpa jirani huku wakitafuta kiatu. Alipoisikia imetoka kinywani ndipo alipojua uzito wake.

*

Alhamisi, Wizarani, alipokelewa na Mwenyekiti wa Chama cha Malenga, Ustadhi Dhulkifli Nyangasi, mwenye sembe kichwani na nishani tano kifuani. Enzi zake alikuwa mtunzi wa kweli. Mwanamisi aliwahi kujibizana naye redioni juu ya kipi bora kati ya jiko na kitanda, na watu walichelewa kazini kwa ajili yao.

Mwanamisi alikalishwa mbele ya Mtambo, akaambiwa atunge ubeti mmoja juu ya jambo lolote, bila msaada. Akatunga juu ya panya wa ghalani anayenenepa huku akiulaumu msimu. Alimaliza kabla chai haijapoa. Karani akauingiza. Mtambo ukawaka taa, ukafikiri, ukatoa hukumu, na karani akaisoma kwa sauti:

"'Shairi hili ni jaribio dhaifu la kumwiga Mwanamisi wa Ghalani. Mwigaji hajafikia kiwango. Anashauriwa asome zaidi kazi za Mwanamisi.'"

"Pole sana," alisema karani, kwa huruma ya dhati. "Wengi wanashindwa mara ya kwanza."

Ustadhi Nyangasi alimtoa nje, wakakaa kwenye benchi la ukumbini chini ya picha ya Mtukufu, ambayo mchoraji wa Ikulu alikuwa amepanda ngazi na kuiongezea unga kwa brashi nyembamba.

"Umezeeka vizuri, Mwanamisi," alisema Ustadhi.

"Na wewe umeng'aa. Shairi lako la juzi nimelisikia."

"Lilikuwa linasemaje?"

"Hulijui?"

"Siku hizi nasikia makofi tu." Alitazama nishani zake. "Mwanzoni nilisema nautumia kwa vina vigumu pekee. Kisha nikautumia nikiwa na homa. Mwaka jana mke wangu aliniomba beti mbili za harusi ya binti yetu. Nikasema, hili nitalitunga mwenyewe, ni mwanangu. Nikakaa na karatasi tangu alfajiri mpaka bibi harusi anatoka. Hakuna kilichokuja, Mwanamisi. Hata kina kimoja. Nikaenda kuuliza Mtambo mwanangu ni mtu wa namna gani."

Mwanamisi alimsogelea kwenye benchi. Alimpapasa begani, unga kidogo ukamwagika.

"Nimesikia habari ya arobaini," Ustadhi aliendelea, sasa kwa sauti ya kazi. "Nina njia. Saini fomu. Shairi nipe mimi, nitalisoma Jumamosi kwa jina langu. Mimi nina jina sina shairi, wewe una shairi huna jina. Tukiunganishwa anapatikana malenga mmoja mzima. Mjane atafurahi, Mwenyekiti mzima kaja kwake! Mashine yako itasaga. Watu wa Ghalani watakula. Nani atakuwa ameumia?"

Ilikuwa hoja nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Mwanamisi. Aliifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Mtaa mzima ulisaga kwake. Mashine ya karibu ilikuwa mwendo wa saa moja, na wanaosaga ni wanawake, na gunia halijibebi. Nani aliyemtuma auze ugali wa watu kwa ajili ya maneno matatu mwishoni mwa shairi? Mzee Kombo mwenyewe, akiulizwa, angesema: saini, Mwanamisi, mambo ya serikali hayo.

Lakini Bi Hadia hakuomba shairi. Shairi alikuwa nalo, kwenye bahasha, lenye mamba.

*

Jumamosi watu walikaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya Bi Hadia, wanaume upande huu na wanawake upande ule, pilau ikipumua nyuma ya pazia. Kisomo kikaisha, dua ikaombwa. Desideri alikuwepo. Alikuwa amevua viatu kama wengine na kukaa karibu na njia, daftari mapajani, na nje ya uchochoro lilisimama gari lenye watu wawili na ngazi ya kupandia nguzo za umeme. Fomu ilikuwa imerudishwa kwake asubuhi ile. Haikuwa na saini. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa mwandiko wa Mwanamisi: "Nimetafuta jina jingine kwenye orodha, sikuona linalonijua."

Desideri alikuwa bado hajaipeleka kwa wakubwa. Alijiambia kwamba kosa bado halijatendeka.

Mwanamisi alisimama. Hakuwa na karatasi. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na watu walianza kutabasamu, kwa maana Mzee Kombo alikuwa anapita mbele yao, na mluzi wake, na tabia yake ya kumwamkia kila punda anayekutana naye. Akafika hapa:

*Kombo hakuvuka mito, wala hakushika ngao,*
*Alibeba vya uzito, vya watu na mali zao,*
*Hakukanyaga mtoto, wala kuku wa wenzao,*
*Leo unangoja mwito, mkokoteni wa mbao.*

Upande wa wanawake ukatoka mguno. Wanaume walitazama mikeka. Desideri, ambaye kazini alikuwa ameidhinisha rambirambi elfu tatu bila kukohoa, alijikuta akitafuta leso. Kisha akakumbuka kinachofuata baada ya ubeti kama huo, akainuka nusu, akanong'ona kwa nguvu:

"Mama! Ishia hapo. Limenoga. Nakuomba mama yangu, shairi limekwisha, ishia hapo."

"Halijafika kaditama, mwanangu," Mwanamisi alimjibu, bila ukali. "Kaa."

Naye, bila kujua kwa nini, akakaa.

*Kaditama nanyamaza, shairi liko mwishoni,*
*Mjane kaniagiza, nimtaje hadharani,*
*Kombo aliyejikaza, mpeni dua, jamani,*
*Na huyu anayewaza, Mwanamisi wa Ghalani.*

Kule kwenye njia mtu mmoja alianza kupanda ngazi. Feni iliyokuwa ikiwapepea wazee ilipunguza mwendo, ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, ikasimama. Mtaa mzima ulinyamaza, redio zote kwa pamoja. Desideri alifungua daftari, akaandika tarehe, saa, mahali. Kwenye nafasi ya jina la mtuhumiwa kalamu yake ilisimama, kwa sababu jina lenyewe kuliandika hapo kulikuwa ni kumshitaki Rais.

Ndipo Bi Hadia, kutoka ndani ya kaniki yake, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Rudia ubeti huo, dada," alisema. "Wa nyuma hawakusikia jina."

"Mama," Desideri alisema, "mara ya pili ni kosa la pili. Lina adhabu yake."

Mwanamisi alitazama upande wa nyuma, ambako watu walikuwa wameanza kusogea mbele wasikie vizuri, baadhi wakisimama kwa magoti. Akajifunga kanga kiunoni, akavuta pumzi, akaanza upya kutoka kwenye kaditama, kwa sauti kubwa zaidi.